Jante ya Lori la Baba

Mwezi uliopita fundi mmoja wa magari alifungua garaji karibu na nyumba yangu hapa Nyakasanza, mtaa wa Bunia, na tangu hapo asubuhi zangu zimebadilika. Kazi yake ya kwanza, kabla hata ya chai, ni kugonga jante, kile chuma cha duara kinachobeba tairi, ili kutoa kutu. Ngaa. Ngaa. Ngaa. Sauti inapita juu ya mabati, inaingia jikoni, inanikuta mbele ya mafiga. Majirani wanalalamika. Mimi silalamiki. Nitawaambia sababu, ingawa si habari ninayoweza kuisema kwa mdomo. Kuandika ni afadhali kidogo.

Nilipokuwa mtoto, jante ya lori ililala uani kwetu. Wazazi wangu walitoka upande wa Butembo, wakaja Bunia kuuza maharagwe na vitunguu, na lori la baba lilichomwa moto karibu na Iga Barrière wakati wa vita. Vita ilipopoa, baba alikwenda kuliangalia. Alikuta mifupa ya chuma katikati ya majani marefu, akafungua jante moja, akairudisha nyumbani juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyoikodi.

“Sasa hii tutaipika namna gani?” mama akamuuliza.

Baba aliilaza uani. Kuku ndio walioipatia kazi: walitagia ndani yake.

Redio ilisema kwamba vita imekwisha. Watu wazima walilitaja neno amani kwa sauti ndogo, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Tulilala na viatu kando ya mkeka, vidole vikielekea mlangoni. Nilidhani watoto wote wa dunia hupanga viatu hivyo.

Kaka yangu mkubwa, Paluku, alisoma katika chuo kikuu kilichokuwa juu kidogo ya mtaa wetu. Bweni la wanafunzi lilikuwa moja, lakini ndani yake palikuwa na mabweni mawili. Wa upande mmoja walilala vyumba vya kushoto, wa upande mwingine vyumba vya kulia, na kila upande ulikuwa na jiko lake na mlango wake. Sitaandika majina ya makabila. Wa Bunia wanayajua, na asiye wa Bunia hatapungukiwa kitu. Hata kisimani, kule bondeni, walikwenda kwa zamu: hawa alfajiri, wale jioni. Waliochelewa kurudi, mara nyingine walirudi wamenyang’anywa bidon, yaani madumu yao ya maji.

Wanafunzi walimchagua Paluku kuwa prezida wa kamati yao kwa sababu moja, na yeye aliisema bila aibu: hakuwa wa upande wowote. Mama hakufurahi.

“Weye hauna upande,” alimwambia. “Siku ikiharibika, utakimbilia kwa nani?”

“Kwako, mama. Maharagwe iko huku.”

Makamu wake walikuwa wawili, mmoja wa kila upande: Josué, kijana mrefu aliyevaa koti hata jua likiwaka, na Claudine, msichana wa sauti nzito ambaye hakuogopa mtu. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuingia jiko la mwenzake, kamati ilikutana katika sebule yetu. Mimi nilipeleka chai na nilisikia yote. Waliweza kubishana mchana mzima juu ya nani atafagia choo. Josué aliinua kidole na kusema “Mosio!”, yaani ana hoja, na wote walinyamaza kumsikiliza, hata Claudine. Nililipenda sana neno hilo. Siku moja Paluku aliponyoosha mkono kwenye kipande changu cha samaki, niliinua kidole nikapiga kelele, “Mosio!” Kamati nzima ilicheka mpaka Josué akavua koti. Samaki wangu akabaki salama.

Lakini waliyokuwa wakitafuta yalikuwa makubwa. Walitaka maji yapande kutoka kisimani mpaka bweni, yatoke kwenye bomba moja, mbele ya mstari mmoja. “Batu wakisimama mustari moja kila siku, watajuana hata kama hawataki,” Paluku alisema. Padri mmoja aliwapatia tangi kuukuu. Mtaro wa mabomba waliuchimba wenyewe kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, kila Jumamosi, na kamati iliweka sheria: kila jembe na koleo lake, na anayeshika jembe asiwe wa upande wa anayeshika koleo. Wiki za kwanza walichimba kimya. Kisha nikasikia mtu akimtania mwenzake kwamba anachimba kama kuku. Baba alisema, akiwa amesimama kando yangu, kwamba tusi hilo ndilo jambo zuri la kwanza alilosikia mlimani pale tangu vita.

Tangi lilijaa usiku na bomba lilifunguliwa alfajiri. Palitakiwa kitu cha kuwaita watu. Hapo Paluku akaja uani, akawaondoa kuku, akamwomba baba jante yake. Baba aliipangusa manyoya ya kuku.

“Unajua ile sauti ilikuwa ya nini?” aliuliza.

Paluku alijua. Wakati wa vita, kila mtaa ulikuwa na chuma chake juu ya mti, na kilipogongwa maana yake ilikuwa moja tu: kimbieni. Hata hivyo baba aliitoa. Nafikiri alitaka kitu kimoja cha lori lile kipate kufanya kazi tena.

Siku ya kwanza walipoigonga, mtaa mzima ulikimbia. Mama alitoka na godoro kichwani na mdogo wangu mgongoni. Jirani yetu, muzee Tomasi, alikimbia akiwa amekumbatia mlango wa nyumba yake, ambao alikuwa ameung’oa ili kuutengeneza. Tulipofika barabarani tuliwakuta wanafunzi wamesimama na bidon zao, wakitazama chini kwa aibu. Watu waliwatukana kwa lugha zote za Ituri. Muzee Tomasi aliketi juu ya mlango wake katikati ya barabara, akakataa kuinuka.

Jioni ile kamati ilikaa kwetu na hakuna aliyegusa chai. Claudine alisema jante iondolewe. Josué alisema watu watazoea. Baba, ambaye hakuwahi kuingilia kikao chao, aliongea kutoka mlangoni.

“Watazoea, ndiyo. Ni hivyo naogopa. Mukiwazoeza kwamba jante ni ya mayi, siku hatari itakuja mutagonga nini?”

Paluku alimgeukia. Bado naona uso wake upande wa taa.

“Siku ile hatutagonga kitu, papa. Jante italia kila asubuhi kama siku iko nzuri. Siku haitakuwa nzuri, tutanyamaza.”

Wakaenda kuitangaza sheria hiyo kila mahali, makanisani, msikitini, sokoni. Claudine na Josué walitembea pamoja, ili kila upande usikie kutoka mdomo wa mtu wake. Mkisikia jante, njooni na bidon, hata nyinyi wa mtaani, mstari ni mmoja. Msiposikia, msije. Jifunzeni kusikia kimya.

Na ndivyo tulivyoishi, kwa majira ya mvua na ya jua. Nawaambia ukweli, pale bweni maisha yalibadilika. Majiko yakawa moja, kwa sababu ya kuni. Vyumba vikachanganyika, kwanza kwa ajili ya ndoo, baadaye kwa ajili ya mitihani. Mimi mwenyewe nilisimama katika mstari ule na bidon yangu ya njano, kati ya wanafunzi waliokuwa wakisinzia na kusukumana, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya mihogo, na nilijiona mtu wa chuo kikuu.

Lakini mtaa wetu ulijifunza woga mpya. Zamani tuliogopa sauti. Sasa kila alfajiri, kabla ya jante, hakuna aliyetikisika. Mama alikaa mbele ya mafiga, kuni zimepangwa, kiberiti mkononi, na hakuwasha. Nilisikia mlango wa muzee Tomasi ukifunguka kidogo, halafu kimya. Mtaa mzima uliweka sikio mlimani. Kisha ngaa, ngaa, ngaa, na mama aliwasha kiberiti, watoto wakaanza kulia, redio zikaimba. Amani yetu ilikuwa ya siku moja moja.

Kisha mambo yakaanza kuchakaa. Wanawake waliotoka upande wa Djugu na ndizi waliacha kuja sokoni, na walipoulizwa kwa nini, ndugu zao walisema ni mvua. Mvua haikuwapo. Magari meupe ya walinda amani, yaliyopita kwetu kila jioni, yalihamishiwa barabara nyingine. Watu wasiojulikana walikuja chuoni wakiuliza kwa upole ni nani anayegonga jante, na saa ngapi. Baada ya hapo Paluku hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Akahamia bweni.

Mara ya mwisho alipokuja nyumbani, alikula maharagwe sahani mbili, akamtania mama kwamba chumvi imepanda bei. Alikuwa amekonda. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

“Kavira,” aliniambia, “ukisikia, kuja na bidon yako. Usiposikia, usikuje.”

“Na kama umelala tu?”

“Prezida halalake, weye.” Akanivuta sikio, akapanda mlima.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Tulikaa kama kawaida. Nilikuwa na kiu, na bidon ilikuwa tupu mapajani mwangu. Jogoo wakawika, wakachoka. Mwanga ukaingia kwenye nyufa za mlango, mweupe kwanza, kisha wa njano, na mlimani hapakuwa na kitu. Nikasema, nikijua nitawachekesha:

“Leo prezida amelala.”

Mama hakucheka. Alikirudisha kiberiti ndani ya kitambaa chake, akafunga fundo.

“Muvae viatu.”

“Tungoje kidogo,” baba alisema. “Labda ni bomba imeharibika.”

“Paluku alisema nini? Alisema nini, weye baba yake?”

Baba akavaa viatu.

Nje, milango ilikuwa ikifunguka mmoja baada ya mwingine bila kelele. Hakuna aliyeita mwenzake. Muzee Tomasi alitoka mikono mitupu, safari hii aliuacha mlango. Tuliteremka wote kuelekea kanisa la mjini, watu wa mtaa mzima, na sauti pekee ilikuwa ya nyayo kwenye udongo uliolowa. Tulikuwa tumefika mbali, karibu na daraja, risasi zilipoanza kulia nyuma yetu. Mama alisimama. Hakugeuka. Alisimama tu, akiwa amelishika lile fundo la kitambaa, mpaka baba akamshika bega wakaendelea.

Paluku hakurudi kula maharagwe.

Kwenye matanga Claudine alikuja, mkono wake umefungwa bandeji. Wazazi wangu waliketi naye chumbani, na mimi nililala miguuni pa mama nikijifanya nina usingizi. Alisema yeye na Josué walikuwa ndani ya mtaro, nyuma ya tangi, walikojificha waliposikia viatu vya watu wakipanda. Wale watu waliokuwa wakiulizia jante walifika kabla ya mwanga. Hawakutaka kuvunja milango. Walijua kwamba jante ikilia wanafunzi watatoka wenyewe, na sisi wa mtaani tutapanda na watoto na bidon zetu, tutajipanga mbele ya bomba. Wakamtafuta anayegonga. Wakampa nondo ya kugongea mkononi.

“Walimuambia, gonga,” Claudine alisema. “Akasema, leo mayi haiko. Wakamupiga. Wakamuambia tena. Aliweka nondo chini, mama, polepole, isilie. Akasema tena, leo mayi haiko.”

Katika vyumba wanafunzi walisubiri jante, hawakuisikia, na wengi walitoka kwa madirisha ya nyuma, wa kushoto na wa kulia, wakavutana mikono mpaka bondeni. Josué alitoka mtaroni wa mwisho. Ndiye aliyemfunika Paluku kwa koti lake, na sikumwona tena akiwa na koti.

Mimi sikusoma mbali. Baada ya hapo baba hakuwa na nguvu ya karo. Kamati nyingine zimechaguliwa pale juu, na wanafunzi wa leo huitana kwa simu. Bomba bado lipo, na mstari bado ni mmoja. Jante ilirudishwa kwetu. Baba aliilaza chini, akaijaza udongo, mama akapanda vitunguu ndani yake, ili isilie tena.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba asubuhi ile kaka yangu hakuweza kutuonya. Hivyo ndivyo mtoto anavyoelewa: aliyenyamaza ameshindwa. Nilikuwa mwanamke mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa kuwa nilimsikia. Alitusemesha kwa muda wote ule wa ukungu, tangu jogoo wa kwanza mpaka mwanga wa njano, na kila nyumba ilimsikia vizuri.

Ndiyo maana simlaumu fundi wa garaji. Alfajiri ninapanga kuni, ninakaa mbele ya mafiga, kiberiti mkononi, watoto wamelala, viatu vyao viko mlangoni. Ninangoja. Akigonga, ninawasha.