Kadi ya Kiangazi

Na usiniambie ati ni serikali peke yake. Hiyo nimekataa. Serikali iko na makosa yake, nitafika hapo. Lakini nyinyi wenye mshahara hapa Isiolo, na hizo kadi za bima mnaficha ndani ya makopo, Kabale alikufa kwa mikono yenu pia. Bwana yake Galma anajua, kwa sababu yeye ndiye aliwafundisha kuficha.

Mnamuita dobi tu. Wacha niwaambie ni nani.

Galma alitoka Korbesa. Alikuwa na ng'ombe, zikaisha wakati wa vita ya shifta, akakuja mjini na miguu. Mwaka wa sabini na moja akapata kazi ya kufua mashuka kwa hospitali ya serikali. Alikuwa anafua kama mtu amekosana na uchafu. Akianika nyuma ya wadi, ukipita unafunga macho, hiyo weupe inachoma. Kabale alikuwa anamcheka: "Wagonjwa wote wa Isiolo umewafulia. Mimi hata leso moja hujawahi. Labda nikilazwa."

Mimi nawajua kwa sababu tulikaa ploti moja Bulla Pesa. Mama yangu alipokufa, Kabale hakuuliza huyu Mturkana ni wa nani. Alinipea chai ya maziwa kila asubuhi mpaka nikapata mkokoteni yangu ya kuuza maji. Kwa hivyo nikipiga kelele, mjue napiga ya nini.

Sasa hiyo kadi. Kila mwisho wa mwezi Galma alikuwa anakatwa shilingi ishirini ya bima, kama mtu yeyote wa mshahara. Waliambiwa: ukilazwa, wewe ama bibi ama mtoto, bima italipa hospitali kwa kila siku ya kitanda. Lakini kwa mwaka uko na siku zimehesabiwa.

Hapo Galma akafikiria kama mtu wa mifugo. Kwao kuna kisima kirefu wanaita eela. Mvua ikinyesha, eela inafungwa. Unanyweshea kwa dimbwi, hata kama ni matope. Ukipatikana unachota eela wakati wa mvua, wazee wanakutoza ng'ombe. Hiyo maji ni ya kiangazi. Basi Galma akasema kadi ni eela. Wadi ya serikali ni dimbwi, ni ya bure, lala hapo na unyamaze. Siku zako zitajaa mwaka kwa mwaka. Kiangazi chako kikifika, unapanda kwa hospitali ya mamisheni upande wa Meru, unalala kwa godoro ya maana.

Aliambia madereva, waalimu, askari. Wote wakaona hiyo ni akili. Hata mimi niliona ni akili, na sina kadi, sina mshahara.

Karani wa hospitali alikuwa Mmeru anaitwa Kirimi. Kila asubuhi alipita wadini na fomu zake.

"Wazee, nani ako na kadi ya bima?"

Wadi nzima inaangalia mabati.

"Mwalimu, wewe si unakatwa?"

"Niliwacha nyumbani."

"Nyumbani ni Kiwanjani hapa. Tuma mtu."

"Mama ameenda safari na funguo."

"Jana ulisema imeliwa na panya!"

Na mtu mwingine kutoka kitanda ya mwisho: "Kirimi, unatafuta kadi ama unatafuta mama ya watu?" Wadi inavunjika kwa kicheko, mpaka wenye kukohoa wanakohoa damu.

Halafu ikafika themanini na nne. Hiyo kiangazi hakuna mtu wa Isiolo anahitaji kuambiwa. Mfereji ilikauka, nikawa napeleka maji kwa dobi na mkokoteni. Siku moja nikimwaga mitungi, Kirimi akaingia.

"Salaam aleikum, Abba Tiya." Watu walimuita hivyo, baba ya Tiya, binti yao mmoja tu, ameolewa mbali.

"Aleikum salaam. Leo hakuna kadi hapa, kuna mashuka."

"Na sabuni iko wapi?"

"Si nyinyi wa ofisi ndio mnaleta?"

"Tulete na nini? Sikiza, mzee. Mwenye kadi akilala hapa na asionyeshe, bima hailipi hata senti. Mamisheni wanadai bima kila siku, kila kitanda. Pesa mnakatwa hapa inapanda Meru, sisi tunabaki na wagonjwa."

Galma akawacha kufua. "Na mimi nikitoa yangu, sabuni itakuja?"

Kirimi akakuna shingo. Huyo hakuwa mtu wa uongo. "Itaenda Nairobi kwanza. Inaingia kapu moja na ya nchi nzima. Kurudi, siwezi kuapa. Lakini bila fomu, hata kuuliza nitauliza na nini?"

"Basi wacha nikae na eela yangu."

Nilicheka. Mungu ananiona, nilicheka pamoja na yeye.

Baada ya hapo sabuni ikaisha kabisa. Galma akafua na magadi. Magadi ikaisha, akafua na majivu. Mwishowe akafua na maji tupu, maji yangu, ya rangi ya chai. Mashuka zilitoka na ramani. Alizigeuza, aanike upande wa aibu kidogo.

Mwezi wa nane Kabale akashikwa na tumbo. Nilimwaga maji yote barabarani, nikamlaza kwa mkokoteni, tukakimbia. Daktari akasema apasuliwe siku hiyo hiyo, na akapasuliwa, ikaenda vizuri. Kirimi akakuja na fomu.

"Abba Tiya, hata huyu? Hata bibi yako?"

Galma akaangalia Kabale, ameamka, anaongea. "Ameshapona. Hapa ni bure. Hii bado si kiangazi."

Kabale akaguza shuka, akacheka kidogo. "Eh, leo umenifulia. Lakini baba, umenifulia na nini?"

Siku ya nne kidonda ilikuwa na usaha. Siku ya tano, joto. Sista Madina akamuita Galma kando, akamwambia wazi: "Dawa ya hii hatuna. Na kidonda inalala kwa uchafu. Mpeleke Meru."

Galma akakimbia mpaka Bulla Pesa, akarudi na kopo. Kadi ilikuwa ndani ya nailoni mbili, mpya kama jana. Akaweka mbele ya Kirimi.

"Kiangazi imefika. Nipe siku zangu. Niko na miaka kumi na tatu."

Kirimi alisoma, akageuza, akasoma tena. "Mzee, nani alikuambia zinajaa? Siku za mwaka zinakufa na mwaka. Uko na za mwaka huu tu."

"Za hiyo miaka ingine kumi na mbili ziko wapi?"

"Hazikuwa mahali. Hakuna mtu alizipata. Si wewe, si sisi."

Galma hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu gari ya hospitali iko wapi. Landrova ilikuwa nyuma ya dobi, juu ya mawe, haina magurudumu tangu Pasaka. Kila siku alikuwa anaanika mashuka karibu nayo.

Nilimwambia, "Abba Tiya, niko na mkokoteni." Akaniangalia. Mpaka Meru ni mlima. Tukapata lori ya mbuzi, dereva akakubali bure. Tulikuwa tunamwinua Kabale kutoka kitanda, mimi miguu, yeye kichwa, na nikasikia amekuwa mzito.

Walimzika siku hiyo kabla ya jua kuzama. Kesho yake Galma alirudi kazini. Shuka ya Kabale ilikuwa kwa rundo. Alienda dukani akanunua kipande ya sabuni na pesa yake, akaifua hiyo moja, saa nzima.

Halafu akaanza kupita wadini nyuma ya Kirimi. "Toa kadi. Tafadhali, toa." Na mnajua walimjibu nini? Yule mwalimu amelazwa tena, akasema, "Abba Tiya, si wewe ulitufundisha? Yangu ni ya kiangazi." Wakacheka. Huyo mzee akasimama katikati ya vitanda, mikono imepasuka na majivu.

Ni miaka tatu sasa. Bado anapita. Bado mnaangalia mabati. Wale wachache walitoa, fomu zao zilienda Nairobi, na Landrova bado iko kwa mawe. Sidanganyi mtu. Lakini Kirimi hawezi kugonga meza ya mtu na fomu sita, na sisi wa mkokoteni hatuna wadi ingine ya kulala.

Ukilazwa, toa kadi. Usiseme panya. Na wewe mzima unasoma hii, fungua hiyo kopo leo, uende kwa Kirimi kesho asubuhi na wenzako kumi, mshike barua moja ya kuuliza Nairobi pesa ya Isiolo iko wapi. Muweke sahihi. Msiende mmoja mmoja. Nendeni.