Maji ya Mama Katika Chupa ya Mchuzi wa Samaki

Chumba cha mtambo wa kupimia, kwenye maabara ya maji ya mji wa Can Tho, hakitaki vumbi, hakitaki poda, hakitaki moshi wa udi. Watu ndio hakiwataki kabisa. Thoa, mpimaji wa maji, alikizoea. Tangu mumewe amwache, hata nyumbani hakuna wa kumuuliza kama amekula, na upweke ulimuuma.

Mama yake alibaki peke yake shambani, na kaburi la baba liko kati ya michungwa. Thoa akimbembeleza ahamie mjini, jibu ni lilelile: "Nani atamwashia baba yako udi? Labda huo mtambo wako useme kisima changu kina sumu. Hapo nitakuja."

Basi siku moja dereva wa basi akaleta chupa ya maji ya kisima hicho, mama ameituma.

Mtambo ulichoma tone lake kwa moto mkali ajabu, ukahesabu chembe kwa uzito wake. Aseniki, ile sumu ya visimani, ikatoka juu mno. Thoa, Mungu amsamehe, alifurahi. Alishaanza kuwaza mkeka wa mama autandike wapi.

Kisha akainusa ile chupa. Mchuzi wa samaki! Wazee wa huku kwenye delta ya mto hawatupi chupa, na kuisuuza kwao ni kuitikisa mara moja. Chumvi ikikutana na gesi ya ule moto hushikamana nayo, na pamoja huwa na uzito uleule wa aseniki, mtambo ukadanganyika. Thoa akafungulia gesi nyingine, ile inayowatenganisha wawili hao, akapima upya. Maji yalikuwa safi.

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini uongo ule ungelala naye kitanda kimoja. Akapiga simu.

"Mama, maji yako mazuri."

"Mazuri?"

"Mazuri kabisa. Ila chupa yako, Mama, ilinuka hadi basi zima limejua unakula nini!"

Mama hakucheka.

"Una hakika, mwanangu? Pima tena."

"Nimepima mara mbili."

Jogoo akawika upande wa pili.

"Bata nimeshawagawa kwa jirani," mama akasema.

Thoa akadakia. "Njoo tu, Mama. Njoo hivyo hivyo."

"Nije nikasemeje? Baba yako nimwambie nimemwacha kwa sababu gani, na maji ni mazuri?" Akavuta kamasi. "Haya, umekula? Ngoja nikawachukue bata wangu kabla hawajachinjwa."