Pasi Namba Saba

Kwetu Hjulsta, huku Uswidi, chai ya asubuhi haimiminwi mpaka kila mtu aseme alichoota. Desturi hiyo ilitoka nyumbani kwa bibi yangu, kule Kivu, na Baba mdogo aliibeba mpaka huku bila kuhitaji sanduku. Yeye ni mdogo wake marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea. Anafanya kazi Södertälje, kwenye kiwanda cha malori. Siku za zamu ya asubuhi tunasimuliana ndoto kungali giza, na madirisha ya maghorofa ya mbele yanawaka moja moja, kama kwamba mtaa mzima unafanya vilevile.

Mama mdogo, mkewe, huota maji. Mto umeingia jikoni, ziwa limepanda ngazi. Kwake maji ni wageni, basi siku hiyo huongeza unga wa fufu. Mimi husema mwisho, maneno machache, nikitazama kikombe. Lakini ndoto za Baba mdogo zilikuwa ndefu, zenye vilima na ng'ombe, na watu waliokwisha kufa wakija kuomba chumvi. Nyingine zilikatika ghafla. "Halafu bunduki zikalia," husema, "na mi nikaamuka." Hapo Mama mdogo humimina chai na kumwambia, "Hiyo umupelekee dokta." Naye aliipeleka. Kwenye zahanati palikuwa na daktari aliyesikiliza ndoto zake, na kila alipotoka huko alirudi na njaa, akala kama mtu aliyetoka kulima.

Kisha pakatokea asubuhi ambayo ndoto zilikoma mezani petu. Chanzo chake kilikuwa bunduki, na bunduki ililetwa na urafiki.

Kiwandani Baba mdogo alifanya kazi karibu na mzee mmoja Mswidi mwenye mbwa wa kijivu. Nyumbani tulimwita Mzee wa Mbwa. Huyo ndiye aliyemwingiza katika uwindaji. Alimfundisha, akamsindikiza kwenye mtihani wa wawindaji, na polisi walipompa Baba mdogo leseni, mzee akamuuzia bunduki yake ya zamani, ile inayojipakia risasi yenyewe. Kabati la chuma la kuifungia bunduki likapandishwa kwa lifti. Mama mdogo alilifunika kitenge, akaweka Biblia juu yake, na tangu hapo alilipita kwa mbali, kama unavyompita mbwa usiyemjua.

Vuli ileile simu ililia Mama mdogo akiwa anakoroga sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilisikia sauti ya Baba mdogo ikikatwakatwa na upepo: "Mama! Wamenipa pasi! Pasi namba saba!"

Kwa Kiswidi pass ni pasipoti. Uraia tulikuwa tumeungoja mpaka tukaacha kuutaja. Mama mdogo aliangusha mwiko, akapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu yake. Akawapigia simu akina mama wa kanisani. Wakaja na samaki, na ndizi, na Mkenya mmoja wa Skärholmen akaja na chapati zimefungwa ndani ya taulo. Wakaimba wakimngoja. Mlango ulipofunguka, Baba mdogo alisimama pale na kofia ya rangi ya chungwa, damu kwenye suruali, na mfuko wa nyama mkononi.

"Iko wapi?" Mama mdogo akauliza.

"Nini?"

"Pasi!"

"Iko msituni," akasema. "Nyuma ya jiwe moja kubwa. Nimekaa pale kutwa."

Ndipo tulipojua kwamba kwa wawindaji pass ni mahali mtu anapopangiwa kukaa kimya na kungoja mnyama apite. Kisha yule mama Mkenya akasema, "Ai, dada! Kumbe tumemshangilia mtu kwa kupewa kiti!" Tulicheka mpaka sombe ikaungua. Pasipoti yenyewe ilipofika baadaye, kwa posta, hakuna aliyepiga kigelegele. Sherehe yake tulikuwa tumekwisha kuila.

Baba mdogo akaanza kunipeleka huko msituni. Nilipapenda kuliko mahali popote katika nchi hii, kwa kuwa pale asiyesema ndiye anayesifiwa. Tulikaa nyuma ya jiwe, chupa ya chai katikati yetu, na ukungu ukapanda kutoka kwenye bwawa taratibu, kama mvuke wa sufuria isiyo na moto. Majani ya manjano yalianguka bila upepo. Kuvumwani ya kijani iliyofunika mawe ilinyonya kila sauti. Mnyama tuliyemngoja, mkubwa kuliko ng'ombe na mwenye miguu kama ngazi, kwetu hana jina. Mama mdogo alimwita punda wa Wazungu. Mara nyingi hakuja. Kila asubuhi, kabla mbwa hawajaachiwa, redio ndogo ya Baba mdogo iliita kwa sauti ya Mzee wa Mbwa:

"Namba saba, upo?"

"Nipo," Baba mdogo alijibu.

Neno hilo tu. Lakini nililisikiliza kila mara. Huyu ni mtu aliyewahi kulala porini wiki kwa wiki, akiomba asijulikane alipo. Sasa alikaa porini na wenzake wote walijua yuko nyuma ya jiwe gani. Akishajibu, uso wake ulilegea, akafanana na baba yangu kwenye picha.

Halafu serikali ikaleta pendekezo. Mezani petu tulilielewa hivi: leseni za bunduki zitakuwa za muda, bunduki kama ya Baba mdogo zitaandikishwa upya na nyingine zitarudishwa, na kila mwenye bunduki atapaswa kuleta cheti cha daktari kwamba akili yake imetulia. Mzee wa Mbwa alikuja nyumbani siku hiyohiyo, mbwa wake akalala chini ya meza.

"Bunduki zangu zimeandikwa polisi tangu kabla hujazaliwa," aliniambia mimi, kama kwamba ndimi waziri. "Hawa wanaopigana risasi huku kwenu mitaani, nani kati yao ana leseni? Hawataleta kitu. Tutakaoleta ni sisi."

Mama mdogo alielewa Kiswidi chote, ila alijibu kwa Kiswahili, akimtazama mumewe. "Umuambie, kule kwetu hakuna aliyeuliza dokta kama bale vijana ba bunduki beko na akili. Wangeuliza, kaka yako angekuwa anakunywa hii chai."

"Anasema nini?" Mzee wa Mbwa akauliza.

"Anauliza kama unataka chai nyingine," Baba mdogo akasema.

"Ndiyo, asante," mzee akajibu, na Mama mdogo akammiminia mpaka ikamwagika.

Mgeni alipoondoka, Baba mdogo alibaki amesimama mbele ya kabati. "Mi nimeandikwa tangu kambi ya wakimbizi," akasema. "Vidole, macho, wakaniangalia hata meno. Sasa wanataka kuandikisha ndoto."

"Nani amesema ndoto?"

"Cheti cha dokta ni nini, mama? Ni ndoto zangu na muhuri juu yake. Wakizisoma, bunduki inaenda. Bunduki ikienda, pasi inaenda."

Asubuhi iliyofuata alikalia kiti chake, akasogeza kikombe. Tukangoja. "Sikulota kitu," akasema. Kwetu kuota tunasema kulota. Mama mdogo alishika birika hewani kwa muda, kisha akamimina. Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Kwa daktari hakwenda tena. Chumba changu na chao vinatenganishwa na ukuta mwembamba, na nilijua kwamba alikuwa anaota. Mama mdogo alijua zaidi yangu. Akaanza kukatisha ndoto zake mwenyewe, eti maji yamepungua. Tukawa tunakunywa chai kama abiria.

Wawindaji walipokusanyika mjini kulipinga pendekezo, Baba mdogo aliniomba niende naye. Mama mdogo alikataa hata kusikia. "Mi nilikimbia bunduki na hii miguu yangu mbili. Leo niitume ikazitetee?" Tukaenda wawili. Uwanja ulijaa kofia za rangi ya chungwa na mbwa waliofundishwa kutobweka. Hakuna aliyebeba bunduki. Mzee wa Mbwa alinipa kamba ya mbwa wake niishike, nami nikafurahi kuwa na kitu cha kutazama. Mtu mmoja alipanda jukwaani akasema wao si wahalifu, na makofi yakavuma mpaka njiwa wakaruka. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba tangu pendekezo lije, kuna wenzao walioacha kumwambia daktari kwamba hawalali. Makofi yalikuja tena, ila yalichelewa. Niliona wanaume kadhaa wakitazama viatu vyao. Baba mdogo hakupiga makofi. Alichukua kamba kutoka mkononi mwangu, akaizungusha kwenye kiganja chake, akaishika.

Vuli ilirudi, pendekezo likiwa bado pendekezo. Tukakaa tena nyuma ya jiwe letu. Ukungu ulikuwa mzito siku hiyo, miti ya karibu ikawa kama watu waliosimama wakitafakari. Redio iliita, Baba mdogo akajibu, kisha tukangoja. Nilipogeuka nilimkuta amelala. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Ndoto zote ambazo hakuzileta mezani zilikuwa zinampitia pale usoni, na bunduki ilikuwa magotini.

Mbwa alibweka mara moja, mbali.

Baba mdogo aliruka akasimama. Mtutu ulizunguka pamoja naye, ukapita juu ya chupa ya chai, ukaja upande wangu. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuniona. "Kaka," aliniita, "lala chini, kaka, wanakuja."

Mimi sipazi sauti. Watu wa kanisani wanajua, walimu wangu walijua. Nilitaka kumwita Baba, nikaogopa kwamba huko aliko neno hilo halitamfikia. Likatoka neno jingine, kwa Kiswidi, kwa nguvu ambayo sikuijua:

"Namba saba! Upo?"

Mtutu ulisimama. Ukungu ulipita kati yetu.

"Namba saba, upo?"

"Nipo," akasema. Kisha akaniona.

Alitoa risasi zote, akazitia mfukoni moja moja. Akanipa chupa nimfungulie. Tulikunywa chai, kisha tukarudi kwa miguu mpaka kwenye magari, nami nikatembea mbele kwa sababu yeye alitaka niwe mbele.

Asubuhi iliyofuata Mama mdogo aliota bomba limekauka. Mimi sikuwa na ndoto. Baba mdogo alitazama kikombe changu, si chake.

"Mi nilimulota kaka," akasema. "Nilimulota jana, mchana, msituni. Na mtoto alikuwa pale."

Akaieleza yote, hadi mwisho, akafika pale ilipokuwa ikikatika siku zote, akapita. Chai ilikuwa imepoa alipomaliza. Mama mdogo alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Bunduki namurudishia muzee," akasema. "Na kwa dokta naenda leo."

"Na hiyo sheria yao?"

"Naikataa bado. Mi ndiye nimeamua, hapana bo ba serikali. Wangenilazimisha, ningedanganya."

"Kataa tu, baba," Mama mdogo akasema, akasimama kupasha chai upya. "Kataa, lakini kula."

Mzee wa Mbwa aliipokea bunduki baada ya mambo ya polisi kukamilika. Hakuuliza mengi. Alimsikiliza Baba mdogo, akakuna shingo ya mbwa, akasema yeye mwenyewe magoti yanamuuma na hajamwambia daktari hata hilo. Baba mdogo akamwambia sasa wampe mtu mwingine ile pasi.

"Kwa nini?" mzee akashangaa. "Pasi haihitaji leseni. Nani ataniambia mnyama amepita upande gani?"

Kabati la chuma Mama mdogo aliligeuza ghala la unga wa fufu, na ufunguo anao yeye.

Mara ya mwisho tulipokwenda kulikuwa na barafu nyembamba kwenye bwawa. Redio iliita, Baba mdogo akajibu kwamba yupo. Alikaa mikono mitupu juu ya magoti. Jua lilipoanza kuingia katika ukungu, punda wa Wazungu alitoka kati ya miti, mrefu, bila sauti yoyote, akasimama karibu kiasi cha sisi kuona pumzi yake. Alitutazama. Baba mdogo alisogeza redio mdomoni polepole, lakini hakubonyeza. Alingoja mpaka mnyama akapita jiwe, akapita bwawa, na matawi yakaacha kutikisika nyuma yake.

"Namba saba hapa," akanong'ona. "Amepita."