Ufunguo wa Stoo ya Chaki

Mkuu wa shule tuliyosomea masomo ya jioni pale Kasulu aliuvaa ufunguo wa stoo shingoni, na naapa hata kuoga alioga nao. Sikuwahi kumpenda, na sianzi leo. Stoo ile ilikuwa na chaki, vitabu, na hadubini moja ambayo panya waliifahamu kuliko sisi.

Mwalimu wetu wa Baiolojia, kijana aliyepangiwa kazi kwetu kutoka Mbeya, hakupewa chaki mpya mpaka aonyeshe kipande cha ile ya jana. Mtu na shahada yake! Anasimama mlangoni, kiganja wazi, mkuu anakikagua kipande kama jino bovu.

"Hiki bado kinaandika, mwalimu."

"Zinazoandika ni kucha zangu, mkuu."

"Basi andika nazo."

Sisi watu wazima, wauza maharage na mafundi cherehani, hatukuwa na mwalimu mwingine wa kutuvusha mtihani wa kidato cha nne. Naye alishaomba uhamisho. Kipindi kikiisha, anafika kwake kabla vumbi la viatu vyake halijatua.

Mkuu akaenda likizo, ikambidi ufunguo auache ofisini. Makamu wake, mama asiye na maneno mengi, akampa mwalimu ufunguo: "Stoo yako. Panga unavyotaka, usiniulize."

Jamani, yule mtu aligeuka! Alifagia stoo mwenyewe, akaitoa hadubini, akatupanga foleni tuangalie ngozi ya kitunguu. Jirani yangu wa dawati, muuza mawese aliyezaliwa kambi ya wakimbizi, alipiga ukelele uliosikika hadi Munanila: "Sha, rafiki yangu, kitunguu kina vyumba!" Ikawa sisi ndio tunamwomba mwalimu atuache tukale. Uhamisho, akasema, anaufuta.

Mkuu akarudi, akaingia moja kwa moja darasani. Salamu hakutoa.

"Ufunguo."

"Mkuu, niachie basi mpaka wafanye mtihani."

"Ufunguo ni wa ofisi. Wewe kazi yako kufundisha."

Mdomo wangu haujui kukaa. Nikasimama: "Mzee, hiyo hadubini umewahi kuichungulia hata mara moja?"

"Kaa chini, babu mwanafunzi."

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Mwalimu hakucheka. Aliuweka ufunguo mezani, na kipande cha chaki kando yake, akatoka.

Akaomba uhamisho upya, wakampeleka Kibondo. Kule walimkabidhi maabara alipofika tu, na hadi leo hawajaweza kumtoa. Mimi nilimfuata, nikalala kwa shemeji, nikauza ndizi mchana, nikamaliza kidato cha nne mikononi mwake. Muuza mawese hakuweza kuwaacha watoto. Darasa la Kasulu lilikufa, naye cheti hana.

Juzi nilikutana na mkuu sokoni Kasulu. Akanishika bega kama rafiki: "Walimu wa siku hizi, ndugu yangu, hawana wito."

Nikamtazama shingoni. Bado anauvaa.