Mbwa Niliyemfundisha kwa Karatasi za Sukari

Afadhali niwaeleze mwenyewe, maana mkingoja kuelezwa na mashemeji zangu wataongeza chumvi mpaka mseme nilikwenda kuposa nikiwa uchi. Sikuwa uchi. Nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ya makaa, na soksi ndefu, na kofia, na nilikuwa na mbwa, na huyo mbwa ndiye sababu hadi leo nikipita sokoni Nyamira kuna akina mama wanaofunika vikapu vyao vya mayai wakiniona, wakijifanya wanaogopa, halafu wanaangua kicheko. Nimezoea. Aibu ikikaa na mtu muda mrefu inakuwa kama jamaa wa nyumbani.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya mifugo mjini Kisii, na mkubwa wetu alikuwa Mzungu mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Mifugo (jina lake halisi lilitushinda kulitamka, naye hakujali). Huyu bwana alipenda kuwinda kwale na kanga, na kwa kazi hiyo aliletewa kutoka kwao mbwa wa aina ya spanieli, jina lake Dasti, mwenye masikio marefu yaliyolowa maziwa kila alipokunywa. Mbwa kama yule hakuletwa kulinda boma wala kukimbiza swala kama mbwa wetu. Kazi yake ni kuingia vichakani awafurushe ndege waruke, kisha bunduki ikilia na ndege akianguka, aende amwokote, amlete mpaka mkononi mwa bwana wake bila kumtoboa hata kidogo. Lakini Dasti alikuwa bado mchanga, hajui kitu, na Bwana Mifugo akapata likizo ndefu ya kwenda kwao, akaniita.

"Nyamweya, wewe unasoma Kiingereza. Mfundishe huyu. Nikirudi tunakwenda kuwinda."

"Ndiyo, bwana," nikasema (siku zile neno hilo lilikuwa linatoka lenyewe kabla kichwa hakijafikiri), naye akaondoka bila kuniachia hata kipande cha karatasi cha kunionyesha pa kuanzia.

Basi nikaanza kutafuta cha kusoma. Katika duka la vitabu la misheni nilikuta Biblia, vitabu vya nyimbo, na kijitabu cha namna ya kuchimba choo. Mwalimu mmoja akaniazima kitabu cha magonjwa ya mbwa, nikakisoma chote nikabaki najihisi mimi ndiye mwenye minyoo. Cha kumfundisha mbwa wa ndege hakikuwapo Kisii nzima, na nilikuwa nimekaribia kukata tamaa siku niliyonunua sukari kwa Mzee Abdala.

Mzee Abdala alikuwa na duka karibu na msikiti, na sukari, chumvi, tumbaku na kila kitu alifungia kwa kurasa za magazeti ya zamani aliyoyanunua kwa wapishi wa Wazungu. Nilipofika nyumbani nikafungua sukari yangu, na kwenye karatasi nikaona picha ya Dasti. Si Dasti mwenyewe, lakini pacha wake, masikio yale yale, na ndege kinywani! Nikawaachia sisimizi sukari mezani, nikarudi dukani mbio.

"Mzee Abdala, karatasi nyingine za namna hii ziko wapi?"

"Kijana, wewe wataka sukari au wataka karatasi?"

"Karatasi."

"Karatasi siuzi. Nikikuuzia wewe karatasi, sukari ya watu nitaifunga na nini?"

Na hapo ndipo nilipoanza kununua vitu nisivyovihitaji. Nilinunua chumvi mpaka jirani wakadhani nafuga ng'ombe chumbani. Nilinunua tumbaku, mimi Msabato, na mzee wa kanisa akaniona nikitoka nayo dukani nikiichunguza kwa mapenzi makubwa (niliichunguza karatasi, lakini yeye angejuaje?), akaniombea hadharani Sabato iliyofuata. Nilimfuata bibi mmoja mpaka soko la Nyakoe kwa sababu ugoro wake ulikuwa umefungwa kwa ukurasa niliokuwa naukosa, na alinipa tu baada ya kupiga chafya na kunicheka. Pole pole nikakusanya karibu makala yote, nikaishona kwa uzi, na kilichokosekana kilikuwa ukurasa wa kwanza tu.

Sasa sikieni uamuzi wangu. Nilijiambia kwamba mwanzo ni salamu. Kwetu mtu akisimama kuhutubia, huanza kwa kusalimu wazee, akina mama, wageni waliotoka mbali na waliotoka karibu, na ukichelewa kufika mkutanoni wakati huo hujakosa lolote la maana. Nikaona Mzungu aliyeandika naye atakuwa hivyo hivyo, ameanza kwa kusalimu wenye mbwa. Nikaanza kumfundisha Dasti kutoka ukurasa wa pili.

Wakati huo huo nilikuwa nampenda Kerubo. Kerubo alisoma shule ya wasichana ya misheni, kwao ni upande wa Nyamira, na tulikuwa tunaongea kidogo baada ya ibada, yeye akikumbatia kitabu chake cha nyimbo kilichofunikwa kwa karatasi ya dukani kama vyetu sote. Nilimwambia habari za mbwa na masomo yangu ya karatasi za sukari, nikijivuna.

"Umeyasoma yote?" akaniuliza.

"Yote," nikamjibu, na akatabasamu kwa namna ambayo niliielewa vibaya.

Mafundisho yalikwenda vizuri mno. Karatasi zilisema nichukue soksi, nijaze matambara, nishonee manyoya ya ndege, niitupe mbali, mbwa ailete. Kwale sikuwa naye, nikashonea manyoya ya kuku. Zikasema mbwa bora hubeba hata yai lisipasuke, nikamfundisha kwa yai la kuchemsha, kisha bichi, na Dasti akawa analileta kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Na zikasema jambo moja ambalo nilipigia mstari: mbwa akikuletea kitu, chochote kile, kipokee kwa mkono na umsifu, usimkaripie wala usimkimbize, la sivyo utamharibu maisha yake yote. Basi kila alipoleta kitu nilipokea, nikampapasa kichwa nikasema, "Mbuya mono!" yaani vizuri sana, kwa sababu niliona si haki mbwa aishi Kisii na asijue Ekegusii.

Siku ya kwenda kwa kina Kerubo kuzungumzia mahari ikafika. Baba yangu alikuwa mgonjwa wa miguu, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo, mtu mpole mwenye maneno mazuri. Aliponiona nimetoka na mbwa akasimama njiani.

"Huyo anakwenda kuoa nani?"

"Tata, nikimwacha atalia, na watu kule wangefurahi kumwona," nikasema. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana.

Kabla sijaendelea, kwa wale wasio wa kwetu, kuna kitu tunakiita chinsoni, haya na heshima kati ya mtu na wakwe zake. Mama mkwe humwangalii usoni, humsogelei, chumba anacholala huingii, na kitanda chake huwezi hata kukitaja. Kijana aliyekwenda kuposa anatakiwa akae aangalie ardhi, na watu waondoke wakisema, yule ana adabu.

Tulipofika nilimfunga Dasti kwenye mgomba kwa kamba ya mgomba huo huo, tukapewa viti mbele ya nyumba. Baba yake Kerubo, Mzee Ombasa, alikaa na ndugu zake upande wa pili, akina mama wakawa ndani na mlangoni, na majirani wakaegemea ua kama kawaida. Baba mdogo akasimama, akasalimu wazee, akina mama, wageni. Akafika kwenye ng'ombe, akaanza kumsifu fahali wetu mmoja, mimi naangalia ardhi kwa adabu kubwa, na kwenye ile ardhi niliyokuwa naiangalia ikatokea miguu minne.

Dasti alikuwa ameketi mbele yangu, kifua mbele, kipande cha kamba iliyokatika shingoni, na kinywani ana kuku mzima, hai, ametulia tuli, anapepesa macho.

Ndugu zangu, mkono wangu ukanyooka. Nilipokea yule kuku, na kabla sijajua ninalofanya nikampapasa mbwa kichwa, nikasema kwa sauti ya kutosha, kwa lugha ambayo kila mtu pale alizaliwa nayo, "Mbuya mono!"

Baba mdogo akamwacha fahali hewani. Mzee Ombasa akaniangalia, akamwangalia kuku wake, akasema taratibu, "Kumbe amefundishwa."

Nilifungua kinywa nieleze habari za kwale, bunduki na likizo ya Bwana Mifugo, lakini kijana hasemi kwenye kikao kama kile, nikakifunga. Na wakati nafikiria namna ya kumrudisha kuku, Dasti ambaye alikuwa amesifiwa mbele za watu wengi kuliko siku zote akawa ameshaondoka, akarudi na yai. Nikajua yule kuku alikuwa anaatamia. Nikalipokea. Mtaniuliza kwa nini sikumkaripia, na mimi nawajibu kwamba nilikuwa na ile karatasi kichwani, niliona kabisa ule mstari niliouchora, na nilimwona Bwana Mifugo akishuka kwenye gari na kukuta mbwa wake ameharibika maisha yake yote. "Mbuya," nikanong'ona, nikidhani nikinong'ona itapungua. Akaenda akaleta lingine, na lingine, mpaka nikavua kofia kuyaweka, na majirani uani wakaanza kuitana.

"Njooni muone! Mkwe wa Ombasa anakusanya mayai!"

Shangazi yake Kerubo, dada ya Mzee Ombasa, akauliza kutoka mlangoni, "Hao kuku si wanaatamia ndani? Mbwa anayatoa wapi?"

Hapo nikakumbuka nyumbani kwa mama yangu kuku wanaatamia wapi. Wanaatamia chini ya kitanda. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mayai niliyokuwa nayo kwenye kofia yalikuwa yametoka moja moja chini ya kitanda cha mama mkwe wangu. Nikainua macho nimwite Dasti arudi, nikamwona tayari anakuja, kichwa juu, masikio yanapepea, na mayai yalikuwa yameisha, kwa hiyo alikuwa ameleta kingine chenye harufu ya kuku. Ilikuwa shuka. Shuka ya kulalia ya mama yake Kerubo, ncha yake ilining'inia karibu na kiota, naye akaivuta yote kutoka kitandani, akaiburuta kupitia katikati ya kikao, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akaketi, akanitazama.

Nilijiambia, usiipokee, Nyamweya, usiipokee. Nikaipokea.

Baba mdogo akafumba macho. Mzee mmoja wa upande wao akasimama akakung'uta kaptula, akasema maneno ya ng'ombe yameisha, chinsoni imevunjwa mchana na jua likiwaka, hawa watu wachukue mbwa wao waende. Na Mzee Ombasa hakumpinga. Niliona Kerubo amejificha nyuma ya shangazi yake, mabega yanatetemeka, nikadhani analia, na niwaambie kweli, moyo wangu ulivunjika. Nilikuwa nimempoteza yule msichana nikiwa nimekaa kitini, na shuka ya mama yake mapajani.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Mama mkwe hakusema na mimi, alisema na shangazi, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka uani.

"Angalia mayai. Mangapi yamepasuka?"

Shangazi akaja, akaichukua shuka kwanza (Mungu ambariki), kisha akayainua mayai moja moja juani akiyageuza. "Hakuna."

"Na kuku?"

"Hajang'oka hata unyoya."

Mama mkwe akasema, "Basi wazee, kaeni. Mtu aliyeweza kumfundisha mnyama kubeba yai bila kulivunja, mwanangu hatampiga."

Mzee aliyesimama akakaa. Mzee Ombasa akakohoa, akasema kwamba mbuzi wa kusafisha chinsoni lazima aje kabla ya ng'ombe yeyote, na asiletwe na mbwa. Watu wakacheka, baba mdogo akafumbua macho, akaendelea na fahali pale pale alipokuwa amemwacha. Mbuzi nilimpeleka, nikaenda peke yangu, na Kerubo nikamwoa. Bwana Mifugo aliporudi akasema hajapata kuona mbwa mwenye kinywa laini kama Dasti, ila kila tulipokwenda kuwinda nilihakikisha tunapita mbali na miji ya watu.

Kerubo alipohamia kwangu, jalada la kitabu chake cha nyimbo lilikuwa limechakaa, nikalitoa nimbadilishie. Upande wa ndani nikakutana na yale masikio. Ulikuwa ukurasa wa kwanza. Na haukuwa na salamu hata moja. Ulianza kwa kusema kwamba kabla mbwa hajafundishwa kuleta chochote, azoeshwe kwanza kukaa kimya katikati ya kuku wa nyumbani.

"Kerubo, ulikuwa nao huu?"

"Tangu shuleni. Ulifungiwa chumvi."

"Uliusoma?"

"Niliusoma kabla ya kufunika kitabu."

"Mbona hukuniambia?"

Akaendelea kukunja nguo zake. "Nilikuuliza kama umeyasoma yote. Ulisema yote." Na mabega yake yakaanza kutetemeka, nikaelewa kwamba hata ile siku hakuwa analia.

Tangu hapo sijasoma kitu kuanzia katikati, hata tangazo la ukutani. Na mkutanoni nafika mapema, nasikiliza salamu zote, za wazee, za akina mama, za wageni waliotoka mbali na waliotoka karibu.