Nyonga Ipi?

Hospitalini walimwita Bi Tarakimu, na jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa kusoma mafaili ya majeruhi na kuliwekea kila jeraha namba ya uzito: moja ni mchubuko, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kifo kinavyosogea. Hata nyumbani hakuacha. Mumewe akilalamika kichwa kinamuuma, huambiwa, "Hiyo moja, baba. Kunywa maji ulale." Alikuwa karani kwa miaka kumi na tisa, mwenye amri moja tu: andika kilichoandikwa, usibuni. Mtu anayejiamini hivyo hukosea kwa nadra, lakini akikosea, hukosea kwelikweli.

Asubuhi moja jukwaa la ujenzi liliporomoka na watu watatu. Mmoja aliingizwa moja kwa moja chumba cha upasuaji, na daktari pekee wa zamu akaingia naye. Wawili waliobaki walihitaji hospitali kubwa, na gari la wagonjwa lilikuwa moja, lenye kitanda kimoja. Utaratibu ulikuwa kwamba mwenye namba kubwa ndiye anayetangulia.

Binti mchanganya zege, bandama imepasuka: nne. Fundi mwashi, kavunjika nyonga: tatu. Bi Tarakimu akagonga muhuri, orodha ikaenda, akajimiminia chai.

Kisha akalifungua tena faili la fundi. Chini kabisa ya karatasi ya fundi, muuguzi alikuwa ameongeza kwa kalamu nyingine: mkojo una damu. Bi Tarakimu alikuwa ameyasoma maneno hayo, akayaruka! Mguu ukivunjika pale unapoungana na kiuno, watu husema nyonga. Ile mifupa mipana inayokizunguka kibofu ikipasuka, husema nyonga vilevile. Ya kwanza inauma sana. Ya pili humwaga damu ndani kimyakimya mpaka mtu akauke. Na mguu, tangu dunia iumbwe, haujakojoa damu.

Alitoka mbio, viatu mkononi.

"Nyonga ipi?" alimpigia kelele muuguzi wa wodini.

"Hata salamu, Bi Tarakimu?"

"Nyonga ipi, dada! Ya mguu au ya kibofu?"

Muuguzi akafunua shuka. Midomo ya fundi ilikuwa ya kijivu. Akabana kiuno chake polepole kwa viganja viwili, nacho kikasogea. "Mungu wangu," akasema, akaanza kumkaza shuka kiunoni kwa nguvu zote. Bi Tarakimu tayari alikuwa kwenye mlango wa upasuaji, akieleza kwa sauti iliyokatikakatika.

"Hiyo tano!" daktari alijibu kutoka ndani. "Aende sasa hivi. Bandama nitaitoa mimi nikimaliza hapa. Nyonga hiyo siiwezi."

Gari lilikuwa limeshawashwa. Bi Tarakimu akasimama mbele yake, mikono kaitanua.

"Mama, toka!" dereva akafoka. "Nikikugonga, nani atakupa namba?"

"Daktari kasema fundi atangulie!" Wauguzi wakamshusha binti, wakampandisha fundi, na mama wa binti, aliyekuwa naye garini, akaruka chini akimfuata mwanawe.

"Mnamshusha kwa nini? Ana ngapi?"

"Nne, mama," Bi Tarakimu akajibu.

"Na huyo?"

"Tano."

"Kwa hiyo mwanangu kashindwa kwa moja?"

Bi Tarakimu aliona aibu. "Nilikosea mimi," akasema. "Nilisoma vibaya."

Hakurudi ofisini. Walikaa wote wawili kwenye benchi la nje ya upasuaji, mama upande huu, yeye upande ule, na kila mlango ulipolia walisimama pamoja. Saa mbili nzima. Hatimaye daktari akatoka, barakoa shingoni, akasema bandama imetoka na binti anapumua vizuri. Bi Tarakimu akalia kabla ya mama mwenyewe.

Mama akamgeukia. "Sasa ana ngapi?"

"Bado nne. Haibadiliki, mama. Namba ni ya jeraha, si ya mtu."

"Basi nenda kaliandike jeraha lako," mama akasema, akijifunga khanga vizuri. "Mimi naenda kumwona mwanangu."