Mfalme wa Chini ya Ziwa na Mshauri Aliyekataa Kufa

Miaka ya themanini nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya msingi upande wa Kisian. Naibu, kwa asiyejua, ni mtu anayebeba funguo za vyumba vya wenzake. Mwalimu mkuu wetu aliamua kila kitu, hata kipande cha chaki kivunjwe mara ngapi, nami nilisema "Ndiyo, Bwana Mkuu" kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi nilikuwa mfalme.

Ufalme wangu ulikuwa kikundi cha maigizo cha kanisa letu mjini Kisumu. Tamthilia niliiandika mwenyewe, nikaiongoza mwenyewe, na ilipofika wakati wa kumtafuta wa kumwigiza mfalme, niliutazama kila uso ukumbini kwa haki kabisa, nikaona hakuna anayenifikia. Ilikuwa hadithi ya nchi iliyo chini ya ziwa, ambako samaki hulipa kodi na viboko hulinda malango. Mfalme wa huko anataka upepo wa juu ya maji umsujudie. Mshauri wake anamwonya. Mfalme anaamuru mshauri atupwe kwa mamba, upepo unasujudu, na watu wote wanashangilia. Niliamini kwamba hadithi hiyo ina mafunzo.

Mshauri aliigizwa na mama mmoja kutoka Mkoa wa Kati aliyekuwa na duka la ushonaji mjini. Ndiye aliyenishonea joho langu kwa pazia jekundu kuukuu, na akalishona vizuri hata nikalivaa nyumbani mara mbili tatu, mlango ukiwa umefungwa. Siku ya kwanza ya mazoezi aliinua mkono.

"Mwalimu, huyu mshauri mbona anakufa mapema hivi?"

"Kwa sababu anaongea sana."

"Lakini ako na sentensi nne tu."

Watu wakacheka. Nilipuliza filimbi. Ndiyo, nilikuwa na filimbi. Niliwafundisha waigizaji wangu kwamba mfalme anapoongea hakuna anayesogeza hata kidole mpaka amalize neno lake la mwisho. Jambo hilo tulilifanyia mazoezi kuliko jambo lingine lolote.

Jumamosi moja nilicheleweshwa shuleni, na nilipofika ukumbini niliwakuta wameketi sakafuni, yule mama katikati yao. Mlinzi wa lango, kiboko wetu, alikuwa mwanamume mnene mwenye kibanda cha samaki katika mtaa wa Obunga. Hakuwahi kukumbuka maneno yake hata siku moja. Sasa alikuwa akiyasema yote, na kwa madaha.

"Umemfanya nini?" nilimuuliza mama.

"Nimemuuliza tu, kiboko kama wewe angesema aje. Akasema."

"Hapa si sokoni, Mama. Kikundi kina kiongozi mmoja."

"Sawa, Mwalimu."

Alisema hivyo kwa upole, bila kununa, na wiki nzima upole ule ulinikereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Muda mfupi baadaye kanisa moja la Port Victoria lilitualika. Tulikwenda kwa lori, mimi nikiwa mbele na dereva kama inavyompasa mfalme, wengine nyuma pamoja na viti na mamba wetu wa magunia. Wenyeji walikuwa wametupangia ukumbi, tucheze saa kumi alasiri. Lakini mimi niliona ufuo. Niliona mchanga, maji nyuma yake, na mahali ambapo jua lingezama sawasawa na bega langu la kulia. Nikatangaza kwamba tutacheza nje, jua likizama, kwa mwanga wa karabai mbili.

Mama hakubisha. Alikwenda jikoni kuwasaidia akina mama wenyeji kumenya viazi, akarudi akijipangusa mikono.

"Mwalimu, wamama wa hapa wanasema wadudu wa ziwa watatoka leo. Wameona wingu lao huko mbali. Wanasema tukiwasha taa nje, tumewaita."

"Mama, mimi nimezaliwa kando ya maji haya. Wewe umetoka kwenye mashamba ya majani chai. Utanifundisha ziwa?"

"Sikufundishi. Nimekuletea tu maneno ya wenyewe."

"Tamthilia yangu inataka jua likizama."

"Sawa, Mwalimu."

Jioni watu walikuja wengi, wakaketi mchangani na watoto wao. Karabai zikawashwa. Nilitoka na joho langu na taji la kadibodi, nikawasikia watu wakivuta pumzi, na sitadanganya, ilikuwa raha. Mshauri akaja, akapiga magoti, akatoa onyo lake. Nikanyoosha fimbo.

"Mkamateni! Mtupeni kwa ma—"

Neno halikutoka, kwa sababu wadudu waliingia. Wale si wadudu wa kuuma. Ni wadogo, laini, na huinuka majini kama moshi wa nyasi mbichi. Lakini walikuja wote kwa pamoja, na taa zilikuwa mbili, na katikati ya taa hizo palikuwa na mdomo mmoja uliofunguliwa wazi. Nikakohoa, nikatema, nikavuta pumzi, nikameza wengine.

"Mfalme anakula!" mtu alipiga kelele nyuma.

Niliwatazama watu wangu wanisaidie. Walisimama kama nguzo. Viboko, mamba, walinzi, hakuna aliyesogeza hata kidole, kwa sababu mfalme hakuwa amemaliza neno lake la mwisho.

Ndipo mshauri alipoinuka.

"Viboko," alisema kwa sauti ileile ya mchezo, "zichukueni hizo taa mzipeleke kule mbali kwenye mitumbwi. Mfalme anataka kupumzika."

Wakazichukua. Wadudu wakazifuata. Tukabaki katika mwanga kidogo uliosalia wa jioni, na mama akanikalisha kwenye kiti changu cha enzi, akatoa leso, akanipangusa macho, mdomo na pua mbele ya Port Victoria nzima.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilipopata tu pumzi nilisimama nikanguruma, "Mtupeni kwa mamba!"

Kiboko, aliyekuwa amerudi, hakunitazama. Alimgeukia mama. "Tukutupe, Mama?"

Ufuo ulilipuka kwa kicheko. Bibi mmoja mzee aliyeketi mbele akasimama, akaninyooshea kidole, akasema kwa Dholuo kwamba mshauri asiguswe, kwani atanipangusa kamasi nani kesho?

"Watu wa chini ya ziwa," mshauri aliwauliza, "mnasemaje?"

Wakasema. Walisema mengi, kila mtu na lake, na mwishowe wakakubaliana kwamba mfalme auombe upepo msamaha. Kwa hiyo nililigeukia ziwa, na joho langu limejaa wadudu, nikauomba upepo msamaha. Sijawahi kupigiwa makofi kama yale, kabla wala baadaye.

Jumamosi iliyofuata nilifika na hotuba ya kujiuzulu. Nilikuwa nimeitayarisha vizuri, na nimeacha nafasi tatu za watu kunisihi. Nilisoma, nikanyamaza, nikangoja. Kiboko akasema, "Sawa, Mwalimu." Wengine wakaitikia vivyo hivyo.

Mama ndiye aliyenionea huruma. "Uongozi acha, lakini ufalme usiache," aliniambia. "Hapa hakuna mtu anaweza kuwa na kiburi kama chako. Tutamtoa wapi?"

Basi nikabaki mfalme, yeye akawa kiongozi, na tamthilia ikageuka kichekesho tulichokicheza mpaka miaka ya tisini. Obunga watoto walinifuata barabarani wakitafuna hewa. Na uongozi wake, niseme ukweli, ulikuwa na taabu zake. Aliuliza kila mtu kila kitu. Kuna siku tulijadili rangi ya mamba alasiri nzima, tukarudi nyumbani bila kufanya mazoezi. Baada ya hapo, maneno yakizidi, alinitupia jicho na kusema, "Mwalimu, kata." Nami nilikata shauri kwa furaha kubwa.

Hatimaye nikawa mwalimu mkuu. Katika mkutano wangu wa kwanza niliwauliza walimu kama gwaride la asubuhi liendelee au liachwe. Wakaangalia viatu vyao. Mwalimu wa darasa la kwanza akauliza taratibu, "Mkuu, unataka tuseme nini?"

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwa yule mama kumweleza. Hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikipima.

"Uliwauliza umekaa ama umesimama?"

"Nimesimama."

"Nyuma ya meza?"

"Nyuma ya meza."

Alicheka mpaka akaondoa pini mdomoni zisije zikamchoma. Kisha akanisogezea kigoda, akanipa ncha moja ya kitambaa niishike, akaanza kukata.